Oroshigane: kikwaruzo cha shaba chenye meno yanayoyumba

Kielekeze dirishani kikwaruzo cha kawaida cha dukani na utaona meno yamepanga foleni, safu kwa safu, yote kimo kimoja. Sasa kielekeze oroshigane, kikwaruzo cha shaba cha Kijapani kilichotiwa meno kwa mkono. Mistari inayumba. Jino hili limeegemea kushoto kidogo, la pili yake limesogea nusu milimita, jingine limewazidi wenzake kimo. Asiyekijua hudhani fundi alichoka. Kumbe huko kuyumba ndiko unakolipia.

Chukua figili nyeupe, ile ndefu wanayoiita daikon. Ukiipitisha kwenye meno yaliyonyooka, jino la mbele huchimba mfereji na yote yaliyo nyuma yake hupita katika mfereji uleule. Punde uso wa figili una matuta kama shamba la viazi, meno yanapita bila kushika kitu, nawe unaongeza nguvu. Nguvu hiyo haikati, inaponda: maji yanakimbilia upande huu, nyuzi zinabaki upande ule. Ndiyo maana watu huizungusha figili mkononi kila baada ya mikwaruzo michache. Kwa meno yanayoyumba huna haja ya kuizungusha, kwa sababu jino linalofuata hulikuta tuta lililoachwa na la kwanza na kulikata. Kinachotoka ni chembe laini ambazo bado zimeshika maji yake. Aliyewahi kukuna nazi kwa mbuzi aliyeisha meno hahitaji maelezo zaidi.

Kazi yenyewe huanza na bamba la shaba nyekundu. Kwanza hupakwa bati, na hapa nasema bati lenyewe, ile metali laini nyeupe, si mabati ya kuezekea. Bamba hupashwa moto, bati huyeyuka juu yake (nyuzijoto 232 za Selsiasi zinatosha), kisha hutandazwa upesi kabla halijaganda. Bati huzuia juisi ya chakula isiguse shaba moja kwa moja. Bamba likishakatwa umbo, ambalo mara nyingi ni la beleshi dogo lenye mpini mfupi, hugongwa nyundo kote. Mapigo hayo si mapambo: shaba iliyopashwa moto ni laini, na kugongwa ikiwa baridi ndiko kunakoikaza hadi iweze kubeba jino kali.

Kisha yanakuja meno. Fundi huilaza tindo yake kwa mshazari juu ya bamba na kuipiga nyundo mara moja. Ncha huingia, hulisukuma tonge dogo la shaba mbele yake, na tonge hilo husimama likiwa limechongoka. Pigo moja, jino moja. Hakuna metali inayoondolewa, inanyanyuliwa tu, na nyuma ya kila jino kunabaki kishimo. Fundi hurudi nyuma hatua kwa hatua, akipima nafasi kwa jicho na mdundo wa mkono, hadi bamba lijae. Tindo ikisimama wima mno, jino huwa fupi na nene. Ikilala mno, hutoka jembamba linalopinda siku ya kwanza ya kazi. Vikwaruzo vingi vya aina hii vina meno pande zote mbili, makubwa ya figili upande mmoja, madogo ya tangawizi na wasabi (shina la kijani la Kijapani lenye ukali wa kupanda puani) upande wa pili.

Kununua ni rahisi ukijua pa kutazama. Mtaa wa Kappabashi jijini Tokyo, unaouza vyombo vya jikoni, una vya kila bei. Cha mkono huanzia yen elfu kadhaa na kupita elfu 10 bila shida. Tazama vishimo nyuma ya meno: vya mashine vinafanana kama mapacha. Pitisha kidole taratibu sana ukitoka upande wa mpini. Jino zuri linainasa ncha ya kidole bila kuisukuma. Likikuteleza, liache hapo dukani.

Sasa matumizi. Kipande cha figili cha sentimita 5 kinawatosha watu wawili hadi watatu. Menya ganda kwa unene wa milimita 3 hivi, kwa kuwa ukali na nyuzi vimejaa karibu na ganda. Sehemu iliyo karibu na majani ni tamu, ya nchani ni kali, kwa hiyo chagua kulingana na mlo. Simamisha kipande ili uso uliokatwa uguse meno, nyuzi zikiwa wima, nawe uzikate fupi fupi. Tandika kitambaa kibichi chini ya kikwaruzo kisitembee. Zungusha mkono kwa miduara mipana bila kukandamiza. Mikwaruzo ya haraka, ya kwenda na kurudi, hupasua seli nyingi zaidi na figili huwa kali. Wajapani wana utani kwamba mwenye hasira ndiye mwenye figili kali. Ukali huo hauwi tayari ndani ya mzizi. Kimeng'enya na kemikali kinayoigeuza kuwa ukali hukaa sehemu tofauti za figili, na hukutana pale tu unapozipasua. Joto hukiua kimeng'enya hicho, ndiyo maana figili hii haipikwi bali huwekwa pembeni mwa samaki wa kuchoma, au kwenye mchuzi wa kuchovyea tempura, yaani mboga na samaki waliochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa.

Iache kwenye chujio dakika mbili maji yanayotaka kutoka yatoke. Usiikamue kwa mkono, itabaki kama pamba. Kosa hili ndilo ninaloliona zaidi ya yote, hata kwa watu waliotumia pesa nyingi kununua kikwaruzo.

Ukitaka momiji-oroshi, ile figili yenye rangi ya majani ya vuli, toboa kipande kwa kijiti cha kulia matundu mawili au matatu kufuata urefu wake, sukumia ndani pilipili kavu nyekundu zilizotolewa mbegu, subiri dakika chache zilainike, kisha kwaruza vyote kwa pamoja. Pilipili ikiwa kavu kabisa hukatika mapande badala ya kusagika.

Tangawizi huenda upande wa meno madogo. Nyuzi zake hufuata urefu wa kidole cha tangawizi, basi nayo iguse meno kwa uso uliokatwa kwa upana. Ukiilaza ubavu, unachana nyuzi ndefu zinazojifunga kwenye meno kama nywele kwenye kitana. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba hutoa takriban kijiko kimoja cha mezani. Kitunguu saumu mimi sikipitishi hapa. Harufu yake hujificha kwenye vishimo, na mlo unaofuata utaisikia.

Wasabi ina mjadala wake. Shaba ya meno madogo inafanya kazi, lakini wapishi wengi wa sushi hushika ubao mdogo uliobandikwa ngozi ya papa. Ngozi hiyo ukiipapasa kuelekea mkiani ni laini. Ukirudi kuelekea kichwani ni msasa mtupu, kwa sababu imefunikwa na vijino vidogo sana vinavyotazama nyuma. Vijino hivyo husaga wasabi hadi iwe kama krimu, seli nyingi zikifunguka kwa wakati mmoja. Kwa wasabi huo ndio mpango wote: harufu na ukali wake navyo huzaliwa seli zinapopasuka. Kwangu mimi ngozi ya papa inashinda. Ondoa vikonyo vya majani, chonga upande huo kama penseli, uanzie hapo, zungusha taratibu kwa uzito wa mkono tu. Kusanya kirundo, kiache dakika tatu hadi tano ukali upande, kisha kitumie ndani ya robo saa. Baada ya hapo harufu huondoka ikabaki rangi ya kijani.

Kuna pia onioroshi, cha mwanzi, chenye meno makubwa ya pembetatu; oni ni zimwi, na ukiyaona meno utaelewa jina. Hutoa figili ya mapande yenye maji kidogo, nzuri juu ya nyama.

Kuosha: suuza mara tu unapomaliza, kabla nyuzi hazijakauka, ukisugua kwa brashi ya vijiti vya mwanzi. Usitumie steeluulu, hula bati. Usiache mabaki yenye limau au siki yakalala humo, kwa kuwa penye bati lililochakaa shaba hutoa kutu ya kijani. Kausha kwa kitambaa kwa kugusagusa, maana ukipangusa utaacha uzi wa kitambaa kwenye kila jino. Ubao wa papa usiuloweke wala kuuanika juani: gundi huachia na ngozi hujikunja.

Meno yakiisha usikitupe kikwaruzo cha shaba. Kwa kuwa metali haikuondolewa, fundi huyagonga meno ya zamani hadi yalale, hupaka bati upya, halafu hurudia tindo yake mwanzo hadi mwisho. Uliza kabla ya kununua kama aliyekitengeneza anapokea kazi hiyo, kwa kuwa si kila duka linamjua fundi wake.