Tume ya benki: kabla ya kungoja ripoti, soma sheria yake

Mi kazi yangu ni kukagua mahesabu ya benki, na kila benki zikianguka mahali watu wananiuliza ripoti ya uchunguzi itatoka lini. Mi nauliza kitu kingine, sheria imewapa hao wachunguzi nini mkononi? Kama haijafungua siri za benki, ripoti hata ikitoka kesho utakuta imejaa "benki fulani" na "mkopaji mmoja", na wewe mlipa kodi uliyebebeshwa mzigo unabaki kubahatisha.

Chukua Iceland. Oktoba 2008 benki zao tatu kubwa, Glitnir, Landsbanki na Kaupthing, zilianguka ndani ya siku chache tu. Desemba hiyo hiyo bunge likapitisha sheria ya tume ya watu watatu, na humo wakaweka wazi kwamba usiri wa benki sio sababu ya kuinyima tume karatasi. Halafu wakaongeza kitu ambacho wengi hawakioni, kwamba atakachosema mtu mbele ya tume hakitatumika kumshtaki yeye mwenyewe, kwa hiyo watu wakafunguka. Ndo hapo tume ikafuata mikopo hadi mwisho wake na kumbe wakopaji wakubwa ni wenye benki wenyewe, tena kuna mikopo iliyotolewa ili kununua hisa za benki ile ile, yaani kwenye vitabu mtaji unaonekana umenona kumbe ni hela ya benki inajizungusha yenyewe. Mkaguzi akiangalia karatasi moja moja haoni kitu, lazima uziweke zote mezani. Ripoti ilitoka Aprili 2010, kurasa zaidi ya 2,000, majina yamo, na waigizaji wa jumba la maonyesho la jiji la Reykjavik wakaisoma yote kwa sauti, usiku na mchana mpaka ikaisha. Hiyo mi bado inanifurahisha hadi leo.

Ireland mambo yalienda kombo. Serikali ilizidhamini benki usiku mmoja tu, Septemba 2008, na kuziokoa kukaja kula kama yuro bilioni 64. Tume ya uchunguzi ya Peter Nyberg, mtaalamu wa fedha kutoka Finland, ilihoji watu faraghani, na ripoti yake ya 2011 ilieleza vizuri jinsi kila mtu alivyofuata mkumbo, ila nani alifanya nini hukuti. Mwaka huo huo wananchi wakaulizwa kwenye kura ya maoni kama bunge lipewe nguvu zaidi za kuchunguza, wakakataa, na kusema kweli siwalaumu, mbunge kugeuka hakimu inatisha. Basi kamati ya bunge ilipokuja kukaa, vikao vikaonyeshwa laivu, lakini kumtaja mtu kwamba wewe ndo ulikosea haikuruhusiwa, na nyaraka za benki kuu nazo zilifungwa na sheria ya usiri. Ripoti ikatoka Januari 2016, zaidi ya miaka 7 baadaye. Kamera zilikuwepo, karatasi ndo hazikuwepo.

Ukisikia tume imeundwa, achana na picha za kuapishwa, tafuta muswada wenyewe uende moja kwa moja kwenye kifungu cha usiri.