Roboti za Kukata Nyasi Chini ya Miembe ya Tabora: Dhana Potofu na Ukweli

Viwanja vingi vya zamani mjini Tabora, hasa vya misheni, vya shule na vya nyumba zilizojengwa baada ya Reli ya Kati kufika hapa mwaka 1912, ni vikubwa na vimefunikwa na miembe, mijohoro na mikrismasi. Roboti za kukata nyasi zilianzia kwingine kabisa: kampuni ya Husqvarna ya Uswidi ilitoa ya kwake ya kwanza mwaka 1995, kwa ajili ya bustani za Ulaya. Mtu wa hapa anayefikiria kuagiza mashine hiyo huambiwa ama kwamba miti itaizuia kabisa, ama kwamba teknolojia mpya imekwisha kuondoa tatizo lote. Kauli zote mbili zina kasoro, na ya pili ndiyo inayomtia mnunuzi hasara kubwa zaidi.

Dhana: Roboti isiyo na waya wa mpaka, inayotumia setelaiti, ni bora kuliko zote

Roboti nyingi mpya hujua mahali zilipo kwa ishara za setelaiti zinazosahihishwa na antena maalumu iliyosimikwa uani, au kwa njia ya intaneti, na kwa utaratibu huo hufikia usahihi wa sentimita chache. Usahihi huo una sharti moja, nalo ni kwamba roboti ione anga, na kama kuna antena uani, nayo ione anga. Ishara za setelaiti hufika ardhini zikiwa dhaifu mno. Majani mazito ya mwembe huzidhoofisha zaidi, hasa yakiwa yamelowa mvua, na kuta na vigogo huzirudisha kwa njia za mzunguko hata mashine ikakosea mahali ilipo. Nyingi zimeundwa kusimama badala ya kuendelea kwa kubahatisha, ndiyo maana roboti isiyo na hitilafu yoyote inaweza kukutwa imetulia chini ya mti, ikisubiri ishara. Tukumbuke pia kwamba mwembe haupukutishi majani yote kwa msimu, hivyo hakuna mwezi ambao anga hufunguka chini yake.

Baadhi ya roboti za setelaiti zimeongezewa kamera, nazo huweza kuvuka kivuli cha mti mmoja au miwili kabla ya kushika ishara tena. Chini ya safu ya miembe ambayo matawi yake yamekutana, msaada huo hauendi mbali, na jioni mwanga unapofifia kamera nayo hupungukiwa.

Waya wa mpaka, ambao wauzaji wengi siku hizi huutaja kama kitu cha kale, hauna tatizo hili hata kidogo. Kituo cha kuchajia hupitisha mkondo mdogo wa umeme katika waya uliofukiwa au kubanwa ardhini kuzunguka eneo, roboti huhisi uga wa sumaku unaotokana na mkondo huo, na majani yaliyo juu hayaathiri chochote. Kasoro zake ziko ardhini: jembe la mtunza bustani huukata, panya huutafuna, mizizi inayonenepa huuvuta, na umeme ukikatika ishara hupotea na mashine husimama hadi urudi.

Ipo pia njia ya leza. Roboti ya aina hii hurusha mwanga, hupima muda ambao mwanga huo hutumia kurudi, kisha huchora ramani ya vitu vinavyoizunguka. Kwake vigogo vya miti ni faida, kwa sababu vitu vilivyosimama imara ndivyo vinavyoiwezesha kujitambua ilipo, ilhali uwanja mpana usio na kitu ndio unaoweza kuipotosha. Kwa ua wenye miembe mingi, mimi ningeangalia kwanza leza au waya, na setelaiti ningeiachia yule ambaye sehemu kubwa ya uwanja wake iko wazi.

Dhana: Penye kivuli haitapata chaji

Huenda dhana hii imetokana na kwamba ile mashine ya mwaka 1995 ilitumia nguvu ya jua. Zinazouzwa sasa, karibu zote, hurudi zenyewe kwenye kituo kilichounganishwa na umeme wa nyumba. Betri ya lithiamu haipendi joto kali, kwa hiyo kivuli ni mahali pazuri pa kukiweka kituo hicho, ilimradi kisiwe chini ya tawi linaloangusha maembe.

Dhana: Eneo lililoandikwa kwenye boksi ndilo itakalolimudu

Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047, na zipo roboti zinazotangazwa kwa eneo kubwa kuliko hilo. Kipimo hicho, hata hivyo, huchukulia uwanja ulio wazi, tambarare, na mashine inayoruhusiwa kufanya kazi karibu muda wote ambao haichaji. Kila mti ni kona, na kila kona ni muda na chaji. Roboti za waya nyingi hutembea bila mpangilio maalumu, zikigeuka zinapogusa kitu au kufika mpakani, hivyo sehemu iliyojificha nyuma ya miti mitatu iliyokaribiana huweza kukaa muda mrefu bila kufikiwa. Mwenye miti mingi na anunue mashine yenye uwezo unaozidi eneo lake kwa kiasi cha kutosha, au augawe uwanja katika sehemu zinazokatwa kwa zamu.

Dhana: Ikishanunuliwa, fyekeo na reki havina kazi tena

Hapa ndipo matarajio na hali halisi hutengana zaidi. Nyembe za roboti nyingi ni vipande vyepesi vilivyofungwa kwenye sahani inayozunguka. Kazi ya roboti ni kupunguza ncha za nyasi mara kwa mara na kuziacha zilipoangukia zioze. Haikuundwa kufyeka. Mvua za Tabora zikianza, kwa kawaida mwezi Novemba, nyasi zilizoachwa wiki kadhaa hufika urefu ambao roboti itazisukuma tu au itakwama ndani yake, na hapo lazima fyekeo litangulie.

Majira hayohayo ndiyo ya maembe kuanguka. Embe bichi lililo gumu huizuia mashine, na lililoiva hupasuliwa likagandisha utomvu na nyuzi kwenye sahani ya nyembe. Vijiti vikavu huingia kwenye magurudumu. Majani ya mwembe, ambayo ni magumu na huchelewa kuoza, yakitanda hugeuka kuwa zulia ambalo roboti hupita juu yake bila kuzigusa nyasi zilizo chini. Haikusanyi takataka, hivyo uwanja lazima uokotwe na kupigwa reki kabla ya kila zamu. Mchanga wa Tabora nao hufanya nyembe zipoteze makali mapema.

Kuhusu kugonga miti, hofu imezidi. Kigogo kinene hugunduliwa kwa urahisi na kihisi cha mgongano, au huonekana kabla ya kuguswa ikiwa mashine ina kamera au leza. Kinachosumbua ni mizizi iliyoinuka taratibu juu ya ardhi: roboti huipanda, tumbo linakaa juu yake, magurudumu yanazunguka hewani. Mizizi hiyo izungushiwe mpaka au mawe. Wanyama wadogo ni suala jingine, kwani majaribio yaliyofanywa Ulaya kwa kutumia mizoga ya kalunguyeye yalionyesha kuwa mashine nyingi hazimtambui mnyama mdogo hadi zimguse, na baadhi humjeruhi. Penye kalunguyeye au vifaranga, mashine ifanye kazi mchana, chini ya uangalizi.

Dhana: Roboti itaufanya ua wa kivulini uwe na nyasi nzuri

Ukoka, unaopendwa sana katika bustani zetu, unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe uliokomaa hunyong'onyea na hatimaye hufa, na hakuna mashine itakayobadilisha hilo. Kinyume chake, magurudumu yanayopita kila siku juu ya nyasi dhaifu huharakisha kifo chake na kuacha njia za vumbi. Kwa kivuli cha wastani hufaa aina za majani mapana zinazovumilia upungufu wa mwanga, zikikatwa kwa urefu wa sentimita tano au sita ili jani libaki na eneo la kutosha la kupokea mwanga, na mashine ipite mara chache kuliko inavyopita juani. Kupunguza matawi ya chini ya miembe husaidia nyasi, ingawa ishara za setelaiti hazitanufaika sana maadamu kilele kimebaki kizito. Pale ambapo kivuli ni kizito kiasi kwamba ardhi imekuwa tupu kwa miaka, sehemu hiyo iondolewe kabisa kwenye ramani ya roboti na iendelee kufagiliwa.