Karatasi tatu za kura, na dhana kwamba wapinzani wanaweza kuungana wakachukua nchi

Asubuhi za Julai pale Mwanjelwa, Mbeya, watu huota kikombe cha chai ya tangawizi kama wanavyoota moto. Juzi kijana wa bajaji alikuwa anaeleza kijiweni kwamba wapinzani wakijumlisha viti vyao bungeni na kuwazidi waliopo madarakani, wanakabidhiwa nchi, hakuna haja ya uchaguzi. Mzee aliyekaa mwisho wa benchi akamkatisha: "Hayo ni mapinduzi, mwanangu."

Nikawauliza wote wawili: siku ya kura mlipewa karatasi ngapi?

Tatu. Ya rais, ya mbunge, ya diwani. Ugomvi wao wote uko kwenye hesabu hiyo.

Dhana: Vyama kuungana na kushika serikali bila uchaguzi ni mapinduzi

Si lazima. Canada, kwenye uchaguzi mkuu, mpiga kura hupewa karatasi moja tu, ya mbunge wa jimbo lake. Waziri Mkuu hapigiwi kura na nchi nzima; anakaa pale kwa sababu wabunge walio wengi wanamkubali. Wakimkataa, mwingine anaweza kuitwa huku wananchi wako majumbani mwao. Ujerumani Magharibi ilifanya hivyo tarehe 1 Oktoba 1982: chama kidogo cha FDP kilihamia upande wa pili, bunge likamwondoa Kansela (waziri mkuu wao) Helmut Schmidt na kumweka Helmut Kohl, yote kwa upigaji kura mmoja. Machi 1983 Kohl akawarudia wapiga kura, akashinda. Katiba haikumlazimisha kuharakisha hivyo, na ndiyo maana namheshimu kwa hilo.

Dhana: Viti vikizidi, kazi imekwisha

Waulize Wakanada. Kwenye uchaguzi wa Oktoba 2008 chama cha Waziri Mkuu Stephen Harper kilipata viti 143 kati ya 308. Desemba, vyama viwili vya upinzani, Liberal wenye 77 na NDP wenye 37, wakasaini mkataba wa kuunda serikali ya mseto, na chama cha tatu, Bloc Québécois chenye 49, kikaahidi kuwaunga mkono bila kuingia kwenye baraza la mawaziri. Jumla 163. Hesabu safi kabisa.

Harper hakusubiri kura ya kutokuwa na imani naye. Alimwendea Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia, Michaëlle Jean, akaomba kikao cha Bunge kifungwe, na tarehe 4 Desemba akakubaliwa hadi mwishoni mwa Januari. Ndani ya wiki hizo Liberal walibadilisha kiongozi, muungano ukapoa kama ugali wa jana. Kwa maoni yangu sheria ilikuwa upande wa wapinzani, lakini walikuwa na doa: Stéphane Dion, kiongozi wa Liberal, aliwaambia watu kwenye kampeni kwamba hataunda mseto na NDP. Mtu aliyekupigia kura kwa neno hilo, utamtazamaje?

Dhana: Basi hata Tanzania inawezekana

Hapa kijana wa bajaji alikosea. Karatasi ya kwanza inamchagua Rais moja kwa moja, na serikali inatoka kwake. Wapinzani wakiwa wengi bungeni, Ibara ya 51 ya Katiba inamtaka Rais ateue Waziri Mkuu kutoka chama chenye wabunge wengi zaidi. Kikikosekana chama cha namna hiyo, anayeelekea kuungwa mkono na walio wengi. Rais mwenyewe anabaki Ikulu. Bunge likimwondoa Rais kwa theluthi mbili, anayeapishwa ni Makamu wake, utaratibu uleule tuliouona Machi 2021 baada ya kifo cha Rais Magufuli.

Dhana: Mbona Zanzibar na Kenya walifanya?

Zanzibar ilianza na kura ya maoni ya Julai 2010, ukafuata uchaguzi wa Oktoba, ndipo serikali ya umoja ikaundwa. Kenya walisaini mkataba wa kugawana madaraka Februari 2008 kuzima moto wa uchaguzi wa Desemba 2007. Kote wapinzani waliingia pamoja na waliokuwa madarakani, hawakuwatoa. UKAWA, muungano wa upinzani wa Tanzania wa 2015, nayo ilikuwa kitu kingine: vyama vinne kusimama nyuma ya mgombea mmoja kabla ya kura.

Kijana akahesabu tena kwa vidole: rais, mbunge, diwani.

"Kwa hiyo Canada hawana madiwani?"

Wanao, nikamwambia, ila wanapigiwa siku nyingine. Abiria wa Uyole alikuwa ameshapanda.