Ile flashi ya kwenye droo, ulishawahi kuifungua?

Kipindi kile watu wanagombania mbolea kabla mvua haijachanganya, alikuja mama mmoja ofisini kwetu kitengo cha TEHAMA, ana duka la pembejeo kule Mwanjelwa, Mbeya, laptopu imezima haiwaki kabisa lakini mwenyewe hana presha, maana flashi anayo. "Mwanangu, vitu vyote vimo humu, kijana wangu huwa ananihamishia kila Jumamosi." Nikachomeka. Kweli vimo, MADENI, STOKI, WATEJA WA MKOPO, vimejipanga vizuri tu. Nikabonyeza madeni, haifunguki. Nikaangalia ukubwa, KB 2. La pili KB 2. Yote KB 2, na kila moja lina kamshale kadogo pale kona ya chini.

Wanaojua wameshacheka. Kale kamshale maana yake hilo sio faili, ni njia ya mkato, kibao tu cha kukuonyesha faili liko wapi, sasa yule kijana kila Jumamosi alikuwa anabeba kibao nyumba anaiacha. Mwaka mzima!

Bahati yake kilichokufa kilikuwa bodi, lile bamba linalounganisha vifaa vyote vya ndani, diski inayotunza mafaili ilikuwa salama, tukaichomoa tukaiunga kwenye kompyuta nyingine mafaili yakatoka. Ndo ikaanza shida ya pili, maana ya madeni yalikuwa matano: MADENI, MADENI MPYA, MADENI MPYA 2, MADENI SAHIHI, na lingine linaitwa TUMIA HILI. Mama anasema ni lile sahihi, kijana anasema tumia hili, ndani namba hazifanani.

Hii ndo naiona kila siku kuliko hata virusi: data ipo ila hamna mtu anayejua ya kweli ni ipi. Kwaiyo kabla hujawaza kununua diski, chagua faili moja ambalo wote mnaandikia humo, na la zamani kama ni lazima ulitunze basi anza jina lake na tarehe, mwaka mbele, mfano 2024-11-30 madeni, yatajipanga yenyewe kwa mfuatano bila wewe kuhangaika.

Halafu ndani ya faili sasa, hapo ndo kuna vichekesho. Kwenye lile la madeni kulikuwa na Mama Neema, M. Neema Uyole na mama neema (dada), watu watatu kwa kompyuta, kumbe ni mteja mmoja. Namba za simu zote zimepoteza sifuri ya mbele, kwa sababu Excel, ile programu ya majedwali, ikiona 0754 inadhani ni hesabu inaifuta sifuri, dawa yake unaiambia ile safu ni maandishi kabla hujaanza kuandika. Na wale wanaolipa kwa mazao baada ya mavuno imeandikwa "viazi gunia 4". Gunia gani jamani? Gunia la kawaida na lumbesa ni vitu viwili tofauti, mtu akija kubisha utamjibu nini? Weka safu ya kilo, yaishe.

Excel yenyewe sio mbaya, duka la saizi hiyo linatosha. Ila ina mwisho wake. Mwaka 2020 kule Uingereza mamlaka ya afya walikuwa wanapitisha majibu ya corona kwenye mafaili ya Excel ya aina ya zamani, ambayo mistari yake inaishia 65,536, yakajaa, na karibu wagonjwa 16,000 wakabaki nje ya hesabu bila mtu kushtuka kwa siku kadhaa. Ukishakuwa na matawi, tuseme Tunduma na Makambako, na watu watatu wanaandika kwa pamoja, hamia kwenye programu yenye databesi. Wazo lake ni la Edgar Codd wa IBM tangu 1970, na ni rahisi tu: mteja anaandikwa mara moja anapewa namba, kila deni linataja ile namba, kwaiyo Mama Neema akibadili simu unarekebisha sehemu moja basi.

Sasa nakala. Wataalamu wanasema 3-2-1, yani nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Watu wanaidharau hiyo ya mbali. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, la Sido nalo 2017, ukiwa na flashi kwenye droo ya duka hilohilo inaungua pamoja na kompyuta. Hata wakubwa yanawakuta, Machi 2021 jengo la seva la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na baadhi ya wateja bakapu zao, yani nakala za akiba, zilikuwa humohumo. Peleka moja nyumbani, nyingine mtandaoni, Google Drive bure unapata GB 15 na madeni ya duka hayafiki hata robo. Ila Drive inayojisawazisha sio bakapu kamili, ukifuta kwenye laptopu na huko inafutika, inakaa kwenye pipa siku 30 inapotea. Na diski ya nje ukishamaliza ichomoe, virusi wale wanaofunga mafaili na kudai hela wakiikuta imechomekwa wanaifunga nayo.

Paswedi weka, tafadhali. Humo kuna majina, simu na namba za NIDA za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, flashi ikidondoka kwenye daladala ni kesi yako. Na kumbukumbu za kodi ni miaka mitano, usizifute ukidhani unapunguza uchafu.

Yule mama tulimpa kazi moja tu: kila mwisho wa mwezi achukue ile nakala ya nyumbani, aifungue kwenye kompyuta nyingine, sio ileile, amtafute mteja mmoja asome deni lake kwa sauti. Juzi kanipigia, shikamoo hata hajaisubiri. "Mwanangu imefunguka, namba zote ziko sawa. Ila huyu Mama Neema bado yuko mara mbili."