Mkoa hauna mfuko, jamani

Juzi pale Mwanjelwa, Mbeya, chai mkononi, mzee mmoja ninayemheshimu akaniambia: "Siku hizi mahema ni ya mkoa, mwanangu. Dodoma imejitoa. Ndiyo ugatuaji huo." Alimaanisha kwamba makazi ya muda ya waliopoteza nyumba kwa maafa sasa ni kazi ya mkoa, si ya serikali kuu. Masika haya hiyo ni mara yangu ya sita kuisikia, na mara ya kwanza kuacha chapati ipoe kwa ajili yake.

Ugatuaji gani? Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais, Katibu Tawala naye vivyo hivyo, na sekretarieti yao ipo kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 kama mkono wa serikali kuu. Haikusanyi ushuru wa gunia hata moja la viazi. Anayekusanya ni halmashauri. Ukitoa makazi ya muda Dodoma ukayaweka mkoani, umehamisha faili tu, kutoka kabati moja kwenda jingine la nyumba ileile. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kijiji au mtaa, sawa. Nimekaa kwenye kamati hizo. Tulikuwa na mihuri, soda na orodha ya mahudhurio.

Basi tuipe halmashauri? Naafiki, ila tazama kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Maji ya Kyela yanapanda Aprili, mapato ya ndani yameshagawanywa na mengine kuliwa. Ununuzi wa dharura unaruhusiwa, lakini hauzai pesa.

Wanaopenda mifano ya nje hunitajia Japani. Ni kweli, kule nyumba za muda ni jukumu la gavana wa mkoa, kwa sheria ya tangu 1947. Wasichosema ni kwamba serikali kuu hurudisha kati ya asilimia 50 na 90 ya gharama, kutegemea ukubwa wa maafa ukilinganisha na kodi za mkoa husika, na kwamba mkoa unalazimika kutunga akiba yake kabla ya maafa. Kazi ilishuka na kapu lake. Hapa tunashusha kazi, kapu tunasema litafuata.

Hata hivyo sitaki kila kitu kibaki Dodoma, na sababu yangu ni baridi. Hema la kawaida la familia lina sakafu ya mita za mraba 16. Watu watano wakilala humo, kila mmoja ana 3.2. Viwango vya Sphere, yaani vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinataka 3.5 kwa uchache, na zaidi penye baridi, maana kupika na kukaa kutwa vinahamia ndani. Aliyepoteza nyumba Aprili, kama wale wa Itezi mlima Kawetele ulipoporomoka mwaka 2024, akiwekwa hemani atakutana na Juni na Julai akiwa humo humo. Anayeagiza mahema kwa hesabu ya nchi nzima hawezi kujua umande wa hapa unavyopenya turubai saa kumi alfajiri. Mtendaji wa kata anajua. Anajua pia kwamba Mafinga kuna mabanzi na mirunda ya kutosha, na kwamba fundi wa kawaida akipewa bati anasimamisha kibanda kinachozuia upepo.

Ardhi ya kuweka makazi hayo nitaigusa haraka tu: nje ya mji iko chini ya kijiji, na bila mkutano mkuu wa kijiji hujengi kitu. Wilaya moja tulibishana siku nne juu ya uwanja wa mpira.

Kibanda cha mabanzi nacho kinanitia shaka. Hema likichakaa linaondoka lenyewe, kibanda hakiondoki. Japani waliweka kikomo cha miaka miwili kwa nyumba za muda, na baada ya tetemeko la Machi 2011 wengi walipitiliza mbali sana. Sisi tungeshika muda gani?

Shaka kubwa zaidi ni kama tunahitaji kambi kabisa. Waathirika wengi niliowaona hawakufika hemani. Walikwenda kwa shangazi, kwa mkwe, kwa jirani wa zamani Uyole. Watu kumi na moja vyumba viwili, na kwenye orodha ya kamati hawamo, kwa kuwa fomu ina safu ya "kambi" tu. Ningewalipa hao wenyeji, hata kiasi cha unga na mkaa. Nilipolitamka kikaoni nikajibiwa kila mtu atazua shangazi. Huenda. Lakini balozi wa nyumba kumi anawajua mashangazi wote wa eneo lake, na hajawahi kuitwa kwenye kikao hicho.