Mbegu za tenera ulizookota hazitakupa tenera tupu

Tangu kampeni ya michikichi ianze hapa Kigoma mwaka 2018, swali linalonijia kila mara ni hili: "Mtaalamu, jirani yangu ana tenera, ile michikichi ya kisasa, zinazozaa vizuri. Kwa nini nisiokote mbegu chini ya miti yake nikapanda bure?" Kupanda utapanda. Ila sehemu ya shamba lako huenda isikupe hata kikombe cha mawese, na hilo utaligundua baada ya miaka mitatu, minne ya kupalilia.

Chukua kisu ukate chikichi katikati. Ile ya kienyeji, tunayoiita dura, ina kifuu kinene, milimita 2 hadi 8, na nyama ya kutoa mafuta ni kidogo. Tenera kifuu chake ni chembamba, na ukitazama vizuri kwenye nyama utaona duara la nyuzi nyeusi limekizunguka. Dura haina duara hilo. Aina ya tatu, pisifera, haina kifuu kabisa. Ungedhani hapo ndipo penye utajiri, lakini pisifera nyingi ni tasa upande wa ua jike: mti unanawiri, majani yamekolea kijani, halafu mikungu inaoza kabla ya kuiva.

Tofauti yote hiyo inatokana na jeni moja, yaani kipande kimoja cha vinasaba. Beirnaert na Vanderweyen, waliokuwa wakifanya utafiti Yangambi huko Kongo, walilieleza jambo hili mwaka 1941: dura amebeba nakala mbili za kifuu kinene, pisifera hana hata moja, tenera ana moja tu. Sasa tenera akikutana na tenera, kila mzazi anatoa nakala moja, na ipi itoke ni bahati nasibu. Kwa wastani robo ya watoto ni dura, nusu ni tenera, robo ni pisifera. Kama chavua imetoka kwenye dura za wazee shamba la jirani, nusu ya miche yako ni dura. Na mara nyingi chavua hutoka mti mwingine, kwa sababu maua dume na maua jike ya mchikichi mmoja hupokezana, hayafunguki kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana mbegu ya uhakika, kama inayozalishwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, haiokotwi. Ua jike la dura linavishwa mfuko kabla halijafunguka ili wadudu wasiingie na chavua ya nje, kisha linapuliziwa chavua ya pisifera. Hapo watoto wote ni tenera. Mkungu huo unasubiriwa miezi mitano au sita, na kila mmoja una kumbukumbu zake. Anayelalamikia bei ya mche aje siku moja apande ngazi pamoja nasi juani.

Hiyo ni jeni moja tu. Mchikichi una kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 32, yaani jozi 16, na kila jozi hugawanyika bila kujali nyingine. Mti mmoja unaweza kutoa michanganyo 65,536. Ukiunganisha na ya mzazi wa pili inapita bilioni 4, na hapo sijahesabu vipande ambavyo kromosomu hubadilishana zenyewe kwa zenyewe. Vitabu vya shule hupenda kusema uzazi wa dume na jike "huboresha" viumbe. Sikubaliani. Hauboreshi kitu. Unapanga upya kilichopo, na huvunja mpango mzuri kwa wepesi uleule unaoujenga. Kipya kabisa huletwa na makosa ya kunakili vinasaba. Kuchambua kipi kibaki ni kazi ya uteuzi wa asilia, au ya mkulima mwenye panga.

Muhogo unaonyesha upande wa pili, wa kuzaliana bila dume na jike. Mkulima wa Kasulu au Kibondo akikata pingili kwenye shina alipendalo, anapata muhogo uleule, na udhaifu wake wote ndani. Batobato, ugonjwa wa virusi, ikilipata shina moja, haina kizuizi kwa mashina mengine, maana ni ndugu pacha. Virusi hubadilika, shamba halibadiliki. Ukinzani ulitafutwa kwa njia ya mbegu: kuanzia miaka ya 1930 kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, watafiti Storey na baadaye Nichols walichanganya muhogo na mpira wa Ceara, jamaa yake asiyeliwa. Watoto wa kwanza walikuwa na mizizi ya hovyo. Wakawarudisha kwa muhogo vizazi kadhaa, wakichagua kila mara, hadi ukinzani ukabaki na mizizi ikalika. Baada ya hapo, kurudi kwenye pingili haraka, kabla mpango haujavunjika!

Kinachonivutia zaidi ni pisifera. Mti usiozaa matunda, kwa akili ya kawaida, nakala yake ilipaswa kufutika zamani. Haikufutika, kwa sababu inajificha ndani ya tenera, na uteuzi huuona mti, hauioni jeni iliyojificha. Leo nakala hiyo ndiyo inayobeba biashara ya mawese duniani. Upande wa mama hali si nzuri hivyo: dura nyingi za Asia zinatokana na miche minne iliyopandwa Bogor, Java, mwaka 1848. Ukoo mwembamba kiasi hicho hauna mengi ya kupanga upya, na ndiyo sababu Wamalaysia walikuja Afrika kukusanya mbegu za porini, Tanzania ikiwemo, miaka ya 1980.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Mwandiga, Simbo na Ujiji mnaong'oa dura za wazee ili mpande tenera: mkikuta mti mfupi kuliko umri wake, au wenye mikungu isiyo ya kawaida, msiutie shoka kwanza. Niiteni niuone. Bado natafuta dura za kuwa akina mama.