Virusi vya UKIMWI (VVU) kutoonekana kwenye kipimo si kupona

Msimu wa korosho ukifika, Masasi na Newala utamsikia mtu akisema: "Kipimo hakioni tena virusi. Nimepona, naacha dawa." Hapana, ndugu yangu, hujapona.

VVU hushambulia hasa seli za CD4, askari wa kinga ya mwili. Kirusi kikishaingia ndani ya seli, hunakili RNA yake, yaani maelekezo yake ya urithi, kuwa DNA, kisha huichomeka DNA hiyo katikati ya DNA ya seli yenyewe. Tangu hapo seli hutumikishwa kuzalisha virusi vipya. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge cha VVU kiitwacho TLD, huzuia uchomekaji huo, lakini haiwezi kung'oa kilichokwisha kujipachika. Baadhi ya seli hizo hukaa kimya kwa miaka mingi bila kuzalisha kitu; kipimo cha wingi wa virusi hakizioni na dawa haziziui. Ukiacha vidonge, kwa kawaida virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Na hili wengi hawaambiwi vya kutosha: ukimeza dawa kila siku na virusi vikabaki havionekani, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana. Kabla ya kuhamia shambani, pita CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) uombe vidonge vya miezi kadhaa.